Mwalimu Aliponiambia Nichague

Aliponiambia, "Safari hii chagua wewe," laiti ningekataa. Ningemwambia, Mwalimu, mimi ni karani wa duka la matairi, hata shati la Jumapili nachaguliwa na mke wangu. Angenuna kidogo, halafu angechagua mwenyewe, kama alivyochagua kila kitu katika nyumba ile ya Loresho, kuanzia mbegu za sukuma wiki hadi nyimbo za kuimbwa siku ya mazishi yake. Badala yake nilivimba kichwa. Nilisema, "Niachie mimi, Mwalimu," nikatoka getini nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nilichoambiwa nichague ni programu ya kukinga kompyuta ya nyumbani dhidi ya virusi. Programu ya bure. Najua jinsi inavyosikika. Nimeanza kuandika habari hii mara kadhaa, na kila nikifika hapa huinuka, nikaenda kuangalia kama kuna mtu getini, nikakuta hakuna, nikarudi. Leo nimejilazimisha kuketi.

Kila mtu alimwita Mwalimu. Wauza mboga wa Kangemi, askari wa nyumba ya jirani, hata mumewe mbele ya wageni. Sitataja jina lake, na kwa kweli lingekaa vibaya mdomoni mwangu, maana sikuwahi kulitumia.

Nilimjulia mjini, katika chumba cha ghorofani juu ya duka la viatu, alikofundisha jioni watu waliotoka kazini. Zamani alifundisha taipu humo humo. Kompyuta zilipoingia, alizitoa taipureta moja moja, kama mtu anayewasindikiza wageni waliokaa kupita kiasi, akabakiza moja dirishani ya kuzuia pazia lisipeperuke. Tajiri wangu wa Westlands, ambaye familia yake iliuza matairi tangu mimi sijazaliwa, ndiye aliyenipeleka. "Enda jifunze," aliniambia. "Hii mashine nimenunua inaniangalia tu."

Mwalimu hakuketi darasani. Sijui kama aliwahi kuketi popote kwa raha. Alizunguka nyuma ya viti vyetu na rula mkononi, akigonga kiti cha mtu aliyeanza kusinzia, akafika dirishani, akaangalia nje kana kwamba kuna anayemngoja, akarudi. Somo la kwanza hatukufundishwa kuwasha mashine. Tulifundishwa kuzima.

"Kuwasha, hata mbuzi atawasha akikanyaga," alisema. "Mimi nafundisha kuzima."

Kijana mmoja wa benki akasema kutoka nyuma, "Lakini Mwalimu, si hii ni ya kuchomoa tu?"

"Chomoa, mpenzi. Halafu Jumatatu umweleze meneja wako pesa za watu zilikuwa wapi Ijumaa."

Tulicheka mpaka wa duka la viatu akagonga dari yake na ufagio.

Alikuwa na sheria nyingi, lakini iliyozidi zote ilikuwa hii: mashine hailali na kitu mdomoni. Mdomo ni ule mwanya wa disketi. Kompyuta za siku zile, ukiziwasha, zilisoma kwanza disketi iliyo mdomoni kabla ya kuangalia kilichomo tumboni mwake. Kama disketi ile ina kirusi, mashine inaugua kabla hujagusa herufi hata moja. Na stima ya Nairobi hukatika inapotaka, ikarudi inapotaka, na mashine uliyoiacha bila kuizima inajiwasha yenyewe nawe uko jikoni. Ukiwa umesahau disketi mgonjwa mdomoni, basi.

"Mtoto akilala na ugali mdomoni mnafanya nini?" alituuliza.

"Tunamwamsha."

"Mnautoa kwa kidole. Hata akiwauma."

Alikuwa mtu wa maandishi asiyeamini karatasi. Hili lilinishangaza kwa muda mrefu, mpaka aliponisimulia siku aliponunua mandazi Kangemi, yakafungwa kwa insha ya mwanafunzi aliyoisahihisha kwa mkono wake mwenyewe. Wino wake mwekundu ulikuwa umelowa mafuta. "Nilikuwa nimempa alama nzuri sana," alisema. "Insha ilistahili. Mandazi ndiyo hayakustahili." Tangu hapo hakuchapisha kitu chochote alichokipenda. Kitu cha maana kilikaa ndani ya mashine, na nakala zake kwenye disketi mbili, kwenye droo ya meza ya kulia. Karatasi, alisema, zote zinaelekea kwenye mandazi.

Sokoni hakuwa mtu wa kupatana bei. Nilimfuata siku moja nikimbebea kikapu, na mama mmoja wa nyanya akataja bei. Mwalimu akafungua kibeti.

"Ai, Mwalimu, si uniambie nipunguze kidogo?"

"Umetaja bei, nimekubali."

"Hiyo nimetaja nikijua tutabishana! Sasa unanifanya nionekane mwizi mbele ya watu."

"Basi wewe ndiye unajua."

Mama yule, amekasirika kweli kweli, akaongeza nyanya mpaka kikapu kikakataa.

Lakini mtu huyo huyo, asiyetaka kumpunja muuza nyanya, hakununua programu ya kompyuta hata moja maishani mwake. Zote zilikuwa za kunakiliwa kutoka kwa huyu na yule. Nilipomuuliza, alisema za kufanyia kazi atazinunua siku zitakapouzwa kwa bei ya kibinadamu, lakini ya kuzuia virusi hatalipia hata akipewa kwa mkopo.

"Anayetengeneza ugonjwa na anayeuza dawa wanakunywa chai meza moja," alisema. "Anayegawa dawa bure, huyo pengine ana moyo."

Nikabisha, nikamwambia huo ni uvumi wa mjini.

"Wewe unauza matairi. Nani anamwaga misumari barabarani?"

Kulikuwa na vijana wa kuziba pancha kando ya barabara ya Waiyaki, na sote tulijua misumari ilikuwa mingi karibu na kibanda chao kuliko mahali pengine popote.

Nikisema juu ya mumewe nitakuwa nimefika kwenye jambo lenyewe, na ndiyo maana nimezunguka hivi.

Mumewe, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa mkalimani wa mahakama. Maisha yake yote ya kazi alisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, akigeuza Kikuyu kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kiswahili, bila kutia neno lake. Nilipomjua alikuwa amestaafu, kifua kibaya, amefunikwa blanketi kwenye kiti kando ya dirisha. Kumbe alikuwa na mzigo. Hakimu akiuliza swali la ndiyo au hapana, watu hawajibu ndiyo au hapana. Wanaeleza. Na mkalimani, kwa kuwa kesi ni nyingi na hakimu ana njaa, husema, "Ndiyo, mheshimiwa," akanyamaza. Mengine yote Mzee aliyaacha, lakini hakuyasahau. Alipoanza kuugua alianza kuyasema, mshtakiwa mmoja baada ya mwingine, na Mwalimu akawa anayaandika moja kwa moja kwenye kompyuta ambayo binti yao aliwatumia kutoka ng'ambo. Kazi hiyo waliiita "Yaliyoachwa." Mzee alikufa hajamaliza, ila alikuwa amesema mengi. Hayakuwa mahali pengine popote isipokuwa tumboni mwa mashine ile na kwenye disketi mbili za droo.

Baada ya mazishi Mwalimu aliniita. Macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alisema ni presha ya macho. "Nataka mtu wa kunisomea ili nisahihishe," alisema. "Wewe unasoma vibaya, lakini husomi haraka."

Basi kila Jumamosi nilitoka kwangu Kangemi, nikavuka barabara kubwa, nikapanda kati ya nyua za Loresho ambako hata mbwa walibweka kwa adabu, nikaketi kwenye kiti cha Mzee. Nilisoma, yeye akazunguka meza.

"Hapana. Hakusema 'shamba.' Alisema 'mahali pa mama.' Rudisha."

Alikuwa na kila neno kichwani. Nilisoma nusu ya sentensi, yeye akaimalizia akiwa amenipa mgongo, ameielekea bustani ambayo alikuwa haioni vizuri.

Kisa kimoja nakikumbuka chote. Mtu alishtakiwa kwa kuiba baiskeli. Hakimu akauliza: uliichukua au hukuichukua? Yule mtu akasema: Niliichukua alfajiri, mke wangu alipokuwa akijifungua, nikampeleka hospitali amekaa nyuma kwenye karia. Nilipokuja kuirudisha nilikuta mwenyewe amekwisha kuniita mwizi mbele ya majirani. Nikaona haya kuirudisha. Nikageuka nayo, nikaenda nyumbani.

Na Mzee alisema, "Ndiyo, mheshimiwa."

Nilipofika mwisho wa kisa kile Mwalimu aliacha kuzunguka. "Hiyo 'nikaona haya,'" alisema. "Alikohoa kabla ya kuisema. Mzee, si mshtakiwa. Lakini usiandike kikohozi."

Mashine yenye kitu kama hicho tumboni ilihitaji ulinzi, na kuchagua mlinzi, kwa Mwalimu, kulikuwa usaili kama wa kazi. Wanafunzi walimletea disketi zenye programu za bure za kila namna. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akazipanga juu yake, nami nikasoma maelezo ya kila moja. Yeye alisikiliza jinsi inavyosema. Iliyojaa alama za mshangao aliitoa mara moja. "Huyu mlevi. Anapiga kelele kabla hajaona mwizi." Iliyojisifu kwamba inavijua virusi vyote vya dunia: "Muongo. Mwambie atapigiwa simu." Moja ilikuwa na sura mbaya, maandishi ya kijani juu ya weusi, na mwendo wa konokono. Hii ilisema kwamba ikikuta kirusi itasimamisha kila kitu, itataja jina lake, na haitagusa chochote mpaka mwenye mashine aite mtu anayejua.

"Huyu ni askari wa geti," alisema Mwalimu. "Kazi yake ni kuniamsha. Sitaki askari anayefanya upasuaji."

Halafu alimtoa mgonjwa. Hii ni tabia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alikuwa na disketi moja yenye kirusi, aliyoihifadhi makusudi ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, imefungwa kwa uzi mwekundu wa sweta. Aliiita "mgonjwa wangu." Kila programu ilipewa mgonjwa huyo imchunguze, na isiyomtambua ilifukuzwa. Kazi ikiisha, mgonjwa alitolewa mdomoni papo hapo, akafungwa uzi, mkebe ukafunikwa, na Mwalimu akaenda kunawa mikono.

Nilimwambia kirusi cha kompyuta hakishiki mikononi.

"Najua," alisema, akaendelea kunawa.

Askari wa geti alikaa kazini muda mrefu, akazeeka. Virusi vipya vilikuwa vinakuja mjini na yeye hakuvijua. Hapo ndipo Mwalimu aliposema yale maneno. "Safari hii chagua wewe. Maandishi ya mashine siyaoni tena, na siwezi kumsaili mtu nisiyemwona."

Kulikuwa na wawili wa kuchagua. Wa kwanza ni askari yule yule, toleo jipya, lililoletwa na kijana wa benki. Lilikuwa na sura ile ile mbaya. Wa pili nilipewa na Hansa, mhasibu wetu pale kwenye matairi, mwanamke mcheshi aliyezaliwa Ngara na kuolewa Westlands, ambaye hakuna aliyeweza kumshinda kwa maneno.

"Chukua hii, kaka," aliniambia. "Imekuja na gazeti la kompyuta, ndugu yangu ametuma kutoka Uingereza. Bure kabisa. Inasafisha yenyewe, wewe unakunywa chai tu."

"Mwalimu hapendi zinazosafisha zenyewe."

"Mwalimu wako anapenda nini? Anataka ufagio wa kumwambia kuna takataka?"

Ofisi nzima ilicheka, nami nikacheka nao. Hansa hakufanya kosa lolote. Kwenye mashine yake ilifanya kazi vizuri. Ilikuwa na rangi. Ilikuwa na picha ya ngao iliyozunguka. Lakini si rangi zilizonivuta. Nilijiambia kwamba nikimchukua yule askari mpya, itakuwa ni Mwalimu aliyechagua, si mimi. Nilitaka kuchagua kitu kisichokuwa chake, halafu kiwe kizuri, halafu aseme kwamba ni kizuri. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto shuleni na nilitaka sifa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jumamosi hiyo Mwalimu alikuwa barazani na akina mama wa kanisa, wanapanga mambo ya harusi. Stima wiki hizo ilikuwa inakwenda na kurudi. Niliingia peke yangu, nikaweka programu ya Hansa, nikamfungua mgonjwa uzi, nikamtia mdomoni. Programu ilimtambua mara moja na kulia kengele. Nilifurahi sana. Niliinuka, nikaenda barazani kumwita Mwalimu aje asikie.

Nilimwacha mgonjwa mdomoni.

Barazani walinipa chai. Nikasimama nayo, nikaanza kuwaeleza akina mama wale juu ya ngao inayozunguka, na mmoja akaniuliza kama inaweza kumsafisha mumewe, tukacheka. Redio ya jikoni ikanyamaza. "Imeenda tena," akasema mwingine. Nikaendelea na chai yangu. Redio iliporudi, ndipo niliposikia kutoka chumba cha kulia ile sauti ya mashine ikiamka yenyewe na kuanza kukwaruza disketi.

Sikukimbia, ili wasishtuke. Nilitembea haraka. Nilipofika, programu ilikuwa imekwisha kuona kwamba ugonjwa umeingia tumboni. Iliuliza: nisafishe, ndiyo au hapana?

Baraza ilikuwa hatua chache. Ningeweza kwenda kumwambia. Askari wa geti asingeuliza swali lile. Angesimama tu pale na kulia mpaka mwenye nyumba aje. Lakini niliona kwamba nikibonyeza mara moja itakuwa safi kabla hajaingia, na hatajua. Nikabonyeza ndiyo.

Ikasafisha. Ikajisifu. Nilipofungua mahali pa Mzee, mashine ikasema haioni kitu.

Hapo bado nakala zilikuwepo. Nilifungua droo nikatoa disketi ya kwanza. Mwalimu alikuwa ameifunga kwa kile kifungo kidogo cha pembeni kinachozuia disketi isiandikwe. Programu ikasema haiwezi kuikagua mpaka ifunguliwe. Nikaifungua kwa ukucha. Ikaikagua, ikasema nayo ni mgonjwa, ikaisafisha, ikawa tupu. Kisha nikaingiza ya pili. Kwa nini ya pili, sijui. Nilikuwa kama mtu anayepapasa mfuko ule ule akitafuta funguo. Nilifungua kifungo chake pia, kwa ukucha huo huo.

Mwalimu aliingia akipapasa ukuta. "Mbona kimya? Nisomee."

"Mwalimu, imekwenda."

"Stima?"

"Hapana. Mzee."

Alisimama. Aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti. Kisha akauliza kitu kimoja tu. "Mgonjwa yuko wapi?"

Alikuwa mezani, nilikomweka nilipomchomoa. Nikasema, "Alikuwa mdomoni."

Alimtafuta kwa vidole mezani mpaka akampata, akautafuta uzi, akamfunga polepole, akamrudisha kwenye mkebe. Kisha akaenda kunawa mikono. Nilisikia maji yakitoka kwa muda mrefu. Aliporudi alisema, "Nenda nyumbani sasa. Jumamosi uje."

Sikwenda.

Sikwenda Jumamosi ile wala iliyofuata. Mjini nikaacha kupita mtaa wa duka la viatu. Mama wa nyanya alinisimamisha sokoni. "Mwalimu anauliza kama umehama."

"Mwambie nina kazi nyingi."

"Mwambie mwenyewe, mimi si posta." Akaniangalia. "Anasema Jumamosi geti halifungwi."

Niliacha kununua nyanya kwake. Siku za Jumamosi sikuweza kukaa nyumbani. Nilitembea hadi Westlands, nikaangalia madirisha ya maduka yaliyofungwa, nikarudi, mke wangu akaniuliza nilikuwa wapi, nikasema nilikuwa natembea. Nilijiambia hataki kuniona, anasema tu kwa heshima. Mwisho tulihamia Uthiru, na nikajiambia kwamba sasa ni mbali.

Miaka ilipita. Nilipostaafu, mwanangu alinituma mjini kwenye vile vyumba vipya vya mtandao, nikachukue barua yake ya kompyuta. Nilipanda ngazi na katikati nikatambua harufu ya viatu. Kilikuwa chumba kile kile. Taipureta ya dirishani haikuwepo. Mwalimu alikuwepo. Alikuwa amesimama katikati ya mashine, fimbo nyeupe mkononi mahali pa rula, akimhoji kijana wa zamu, aliyemjibu kama bibi yake.

"Hii ya kuzuia virusi mliyonayo, nani aliichagua?"

"Ni ya bure, shosho."

"Sikuuliza bei."

"Iko sawa tu, shosho. Barua ya binti yako imeenda, usijali."

"Kuna mtu ameacha disketi mdomoni, ile mashine ya ukutani. Naisikia inakwaruza."

Kijana akaenda, akaangalia, akaitoa, akamtazama Mwalimu kama mtu aliyeona jini. Ningeweza kushuka ngazi. Mguu ulikuwa umegeuka tayari.

"Karani wa matairi," alisema Mwalimu, bila kugeuka. "Bado unaburuta mguu wa kushoto."

"Habari za siku nyingi, Mwalimu."

"Siku nyingi ni zako. Mimi nilikuwa nyumbani."

Tuliketi kwenye benchi la wanaongoja zamu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi mahali bila kuinuka. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza kwa kugonga fimbo sakafuni.

"Nilikungoja," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa. "Jumamosi ile, na zilizofuata. Niliwekea kiti chako mto. Nilikuwa nayo yote kichwani, wewe si ulikuwa unasoma nusu nami namalizia? Nilihitaji mikono tu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka yote ile, nikitembea Jumamosi na kurudi, sikuwahi kulifikiria.

"Kwa nini hukumwita mtu mwingine?"

"Nilimwita. Binti wa kanisani. Anaandika haraka mno. Anaandika anachofikiri nitasema."

"Nilidhani hutaki kuniona."

"Mimi simwoni mtu yeyote," akasema, akacheka kweli, na kijana wa zamu akatutazama.

"Twende sasa, Mwalimu. Leo hii. Nitaandika."

Midomo yake ikaanza kusogea. "Yule wa baiskeli. Alisema aliichukua alfajiri, mkewe alikuwa... alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa akijifungua."

"Eeh. Basi hicho unacho wewe." Midomo ikasogea tena. "Na yule mama wa kisima. Alimwambia nini hakimu?"

Sikukumbuka. Alinitajia wengine watatu, wanne, majina tu, akiniuliza kila mmoja alisema nini, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi. Sikukumbuka hata mmoja.

"Sauti yake naisikia," alisema mwishowe. "Mzee anasema, nasikia anasema. Maneno ndiyo hayafiki."

Mpwa wake alikuja kumchukua na gari. Nilimshika mkono kwenye ngazi, na chini, mbele ya duka la viatu, aliniambia nisiache mguu ule bila kuonyesha daktari. Nilizikosa hata siku zake za mwisho. Nilisikia amezikwa, na kwamba nyimbo zilikuwa zile alizozichagua.

Nilikubali kuchagua kwa sababu nilitaka sifa, na kwa chaguo lile nikafuta maneno ya Mzee mchana mmoja. Yangeweza kuandikwa upya, na mimi nikaona haya kurudi. Kimebaki kisa cha mtu wa baiskeli peke yake, nami nimekiandika hapa kwenye karatasi, kiende kitakakokwenda. Mengine yote nilimpotezea Mwalimu, na Mwalimu nikampoteza mwenyewe, na sikuwahi kuwa na rafiki mwingine kama yeye.